Nampenda Ged Zaidi Baada ya Kuanguka

Riwaya nyingi za vijana wanaojifunza uchawi hupita njia moja. Kuna mtoto anayedharauliwa, kuna shule, kuna adui, kisha saa ya hatari kipaji kilichojificha kinalipuka na wote waliomcheka wanabaki midomo wazi. Nazisoma na nazifurahia. Lakini ile ninayoirudia kila baada ya muda, na ambayo safari hii nimeisoma kwa sauti pamoja na binti wa kaka yangu mwenye umri wa miaka 13, haiendi hivyo. Ni A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1968. Kijana wake ana kipaji tele tangu utotoni, kila mtu anakiona, na taabu yake yote inatokana na kipaji hichohicho.

Tulipeana zamu, yeye ukurasa na mimi ukurasa. Kitabu kinafaa sana kusomwa hivyo kwa sababu kimeandikwa kama hadithi ya kale inayosimuliwa na mtu aliyeipokea kwa wakubwa wake. Sentensi zina mapigo yake, na ukizikimbiza kwa macho tu unazinyima nusu ya utamu. Aya ya kwanza haifichi kitu: inakuambia wazi kwamba huyu mchunga mbuzi atakuja kuwa mtu wa kuzungumza na majoka na mkuu wa wachawi wote, na kwamba nyimbo zimetungwa juu yake. Kinachosimuliwa hapa ni yale yaliyotangulia nyimbo. Binti akalalamika, "Shangazi, sasa kama tunajua atafika huko, tunasomea nini?" Nikamwambia tuendelee. Tulipomaliza sura ya nne swali hilo lilikuwa limekwisha kabisa, maana wakati huo tulikuwa tunahofia afike huko akiwa mtu wa namna gani.

Ulimwengu wenyewe ni bahari na visiwa, mamia ya visiwa, bila bara. Mtu akitaka kwenda popote lazima apande chombo. Uchawi humo ni kazi, na ninapenda sana jinsi Le Guin anavyoionyesha kazi hiyo: kuita upepo ujaze tanga, kutuliza mvua, kuzuia mashua isivuje, kutibu mbuzi na watu. Kila kijiji kina mtu wake wa mambo hayo, wengine wajanja tu, wengine wenye elimu. Na kila kitu, kuanzia kokoto hadi binadamu, kina jina lake la kweli. Anayelijua jina hilo ana nguvu juu ya mwenye nalo. Kwa hiyo watu huficha majina yao ya kweli maisha yote na kutumia majina ya kuitwa tu. Shikilia hilo la majina, kwa sababu yote yatakayotokea yanaliegemea.

Mtoto anaanza akiitwa Duny, katika kisiwa cha milima kiitwacho Gont. Mama yake alikufa kabla hajatimiza mwaka, baba yake ni mfua shaba asiye na maneno mengi. Siku moja anamsikia shangazi yake akimnuizia mbuzi aliyepanda paa, naye kesho yake anayarudia maneno yale malishoni. Mbuzi wanakuja. Wanakuja wote, wanambana kila upande kwa pembe na manyoya, wala hawaondoki, hadi anateremka kijijini mbio huku anasukumwa na kundi zima na watu wanatoka majumbani kumcheka. Binti alicheka mpaka akashindwa kumaliza ukurasa. Nami kila nikifika hapo naona kitabu kizima kimeshaelezwa: ameita kitu asichojua namna ya kukiachia. Miaka michache baadaye hatakuwa anaita mbuzi.

Anapata jina lake la kweli, Ged, akitimiza miaka 13, kutoka kwa Ogion, mchawi ambaye watu humheshimu kwa sababu aliwahi kulituliza tetemeko la ardhi. Ged anakwenda kuwa mwanafunzi wake akiwa na shauku inayomchoma. Na Ogion anamfundisha nini? Anatembea naye msituni kimyakimya. Mvua ikinyesha, Ogion anaiacha inyeshe, analala chini ya mti akiwa ameloa, ingawa hata mganga wa vijijini angeweza kulisogeza wingu. Ged anauliza mafunzo yataanza lini, anaambiwa yameshaanza. Anaulizwa kuhusu mmea mdogo wa kando ya njia, naye anataka kujua unafaa kwa kazi gani. Ogion anajibu kwamba kwa anavyojua, haufai kwa kazi yoyote. Alitaka mtoto aujue mmea kwanza, mizizi yake, jani lake, harufu yake, kabla ya kuuliza atautumiaje.

Hapo tukagawanyika. Binti alikuwa upande wa Ged kwa moyo wote. "Mwalimu gani huyu, Shangazi? Hafundishi!" Sikumbishia, kwa sababu nilipokuwa na umri wake nami nilikuwa upande huohuo. Kitabu kinamruhusu msomaji kijana kukosa subira pamoja na Ged. Hakimdokezi pembeni kwamba mzee ndiye mwenye haki. Unaachwa ukereke, uone raha Ged anapochagua kuondoka na kupanda jahazi kwenda shule ya wachawi katika kisiwa cha Roke, na gharama unaijua baadaye, pamoja naye.

Roke ni shule ambayo ningeitembelea kesho kama ingekuwepo. Walimu wakuu ni tisa, kila mmoja na fani yake. Yupo wa upepo na hali ya hewa, yupo wa mitishamba, yupo wa nyimbo na historia. Yupo mwalimu wa majina, ambaye anaishi kwenye mnara wa peke yake na kazi ya wanafunzi wake ni kukariri orodha ndefu za majina ya kweli. Wino wa orodha hufutika usiku wa manane, na karatasi inabaki nyeupe iwe umekariri au hukukariri. Na yupo mwalimu wa viinimacho, ambaye anageuza kokoto ionekane almasi. Ged anamuuliza jinsi ya kuifanya ibaki almasi kweli. Jibu la mwalimu ni mojawapo ya kurasa ninazozipenda kuliko zote katika vitabu vya vijana. Kwa maneno yangu: ukibadilisha kokoto moja kwa kweli umeubadilisha ulimwengu mzima, kwa hiyo ni lazima ujue kwanza ni wema gani na ubaya gani utafuata, na zaidi ya hayo, jiwe nalo ni kitu kizuri. Ged anaondoka hajaridhika. Binti alirudia kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza, kisha akasema, "Jiwe nalo ni kitu kizuri. Eh, nimeipenda."

Sitakaa sana kwenye usiku wenyewe wa maafa. Kuna mwanafunzi mkubwa kidogo, Jasper, mtoto wa watu wenye nafasi, mwenye adabu inayouma kuliko matusi. Kuna maneno ya kurushiana, kuna kiburi, kuna kilima gizani. Ged anataka kuonyesha kwamba anaweza kumwita mtu aliyekufa zamani mno, naye anaweza kweli. Lakini upenyo alioufungua unapitisha kitu kingine, kivuli kisicho na jina, kinachomrukia usoni na kumrarua. Mkuu wa wachawi anaziba upenyo huo kwa nguvu zake zote zilizobaki, na kabla jua halijapanda sana anakufa. Le Guin anaandika haya bila kelele, na kwa sababu hiyo yanatisha zaidi.

Ninayotaka kukaa nayo ni kurasa zinazofuata, ambazo wasomaji wengi huzipita haraka wakikimbilia majoka.

Ged anapona polepole sana. Anapotoka kitandani ana makovu usoni, na ile kasi yake imekwisha. Kijana aliyekuwa anashika somo kabla mwalimu hajamaliza kulieleza sasa anasita mbele ya kiinimacho kidogo kabisa, cha kuanzia. Anaogopa maneno yake mwenyewe. Anakaa darasani na watoto waliokuja baada yake, nao wamemtangulia. Hakuna anayemcheka, wanamwonea aibu tu, au wanamkwepa. Jasper ameshaondoka, kwa hiyo hata mtu wa kumchukia hayupo. Anabaki na kazi: orodha za majina, mitishamba, kurudia, kurudia.

Mimi niliwahi kuugua nikiwa mwanafunzi, ugonjwa mrefu, na niliporudi darasani nilikaa na wadogo zangu. Nilikuwa mtoto wa kunyoosha mkono wa kwanza. Baada ya ugonjwa nilikuwa nasoma mstari na kufika mwisho wake bila kukumbuka mwanzo wake. Watu wazima walikuwa wema kwangu, walinisemesha taratibu, na wema huo ulikuwa mzito kuubeba. Wakati huo ndipo kitabu hiki kilipofika mikononi mwangu, na nilipofikia ukurasa ambao Ged anasita nilikisoma nikiwa nimekaa wima. Vitabu vingine vilikuwa vimenipa mashujaa wanaojeruhiwa leo na kesho asubuhi wanapigana. Hiki kilimwacha shujaa wake awe mzito wa akili kwa muda mrefu, na hakikumvua heshima hata kidogo. Kilimtazama akijifunza upya kwa makini yaleyale kilivyomtazama akiita ukungu kukiokoa kijiji chake na wavamizi alipokuwa mtoto.

Katika kipindi hicho ndipo rafiki yake Vetch anapomtembelea. Vetch ni kijana mpole, mnene kidogo, asiye na maringo, na amemaliza masomo yake. Anaondoka kurudi kwao. Kabla ya kuondoka anamwambia Ged jina lake la kweli. Hakuombwa. Silaha ya kumwangamiza yeye Vetch anampa mtu ambaye mwezi uliopita na mwezi huu hajiamini hata kuwasha mwanga. Ged naye anampa lake. Nilipandisha macho nikamkuta binti amenyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo anamwambia: mimi sikuogopi." Ndiyo. Sikuwa na la kuongeza.

Na kuna mlango. Mwanafunzi anapoingia Roke kwa mara ya kwanza, mlinda mlango hamruhusu apite hadi ataje jina lake la kweli. Anapohitimu, mlinda mlango huyohuyo anamwambia: sasa wewe nitajie langu. Ged anakaa akiwaza mbinu zote alizofundishwa, uchawi na hila, na anaona hakuna itakayofaa kwa bwana mkubwa kama yule. Mwishowe anakiri kwamba hana nguvu ya kulichukua jina hilo wala werevu wa kulipora, na yuko tayari kubaki shuleni kuendelea kujifunza, ila ana swali moja: jina lako nani? Mlinda mlango anatabasamu, anamtajia. Yule mvulana wa sura ya tatu asingeweza kuuliza hivyo. Angekesha mlangoni hadi afe. Ndiyo maana nasema nampenda Ged zaidi baada ya kuanguka: aliyeanguka anajua kuuliza.

Baada ya Roke hadithi inakwenda mbio, na sehemu mbili zinanishika kila mara. Ya kwanza ni mtoto mgonjwa. Ged anafanya kazi katika visiwa vidogo vya wavuvi, ana rafiki fundi wa mashua, na mtoto wa rafiki huyo anashikwa na homa. Walimu walishamfundisha: tibu jeraha, tibu ugonjwa, lakini roho inayoondoka iache iondoke. Ged analijua somo hilo, ila mama amemsihi, na baba ni rafiki yake. Anamfuata mtoto hadi kwenye mteremko wa giza wanaoshuka wafu, na mtoto anakimbia mbele hafikiki. Safari hii kilichomtoa kwenye mstari ni upendo, wala si majivuno, na bado inakaribia kumuua. Anarudishwa na mnyama wake mdogo wa manyoya, otak, anayemlamba kama wanavyolambana wanyama wakiumwa. Mkunga au daktari yeyote atakayesoma sura hiyo ataitambua.

Ya pili ni joka la Pendor. Ged anakwenda kulikabili mwenyewe ili lisije kuwavamia wavuvi wake, naye ameshakisia jina la joka kwa kusoma historia za kale, yaani kwa zile orodha na vitabu alivyovichosha alipokuwa mzito. Joka likiona limeshikwa linatoa ofa: litamtajia jina la kivuli kinachomwinda. Kitu pekee anachokihitaji duniani. Lakini ana dai moja tu mkononi, nalo amelibeba kwa ajili ya watu wengine. Analiapisha joka kwamba lenyewe na wanawe wasiwafikie kamwe watu wa visiwa, anageuza mashua, anaondoka bila jina. Tulisoma ukurasa huo kwa zamu ya binti, na alisoma haraka, sauti imepanda.

Sehemu ya kaskazini, kwenye ngome ya theluji yenye jiwe la kale linalosema, hainivuti sana. Mtego wake unaonekana kutoka mbali na yule bibi wa ngome anastahili kuandikwa kwa undani kuliko alivyopewa. Ila hapo ndipo otak anapokufa, kwa maneno machache mno, na binti alifunga kitabu akasema tusiendelee siku hiyo. Hatukuendelea.

Kisha Ged, akiwa amejigeuza ndege na karibu asahau kuwa mtu, anarudi kwa Ogion, kwenye nyumba ileile alikoona anapotezewa muda. Ushauri wa mzee unageuza kitabu chote: acha kukimbia, geuka, kiwinde kinachokuwinda. Kuanzia hapo mwendo wa safari unabadilika, na Vetch anaposikia anang'ang'ania kwenda naye baharini, kwa sababu alikuwepo mwanzo na anataka kuwepo mwisho. Jina la kivuli silisemi hapa. Ambaye hajasoma anastahili kulifikia kwa mashua yake mwenyewe. Nasema tu kwamba binti alilijua kurasa tatu kabla, akanishika mkono, na hakutaka nimthibitishie.

Ana lalamiko, nami nalikubali. Shule yote ya Roke ni ya wavulana. Kitabu kinanukuu bila kupinga msemo wa watu wa Gont unaosema uchawi wa wanawake ni dhaifu na mwovu, ingawa aliyemfundisha Ged maneno ya kwanza ni shangazi yake. Binti alimpenda sana Yarrow, dada mdogo wa Vetch, mwenye maswali ya akili kuhusu namna uchawi unavyofanya kazi, kisha akaona anaachwa nyumbani vijana wakisafiri. "Huyu naye angeenda," alisema. Le Guin mwenyewe aliliona hilo baadaye, na mwaka 1990 alirudi Earthsea na Tehanu, kitabu kinachotazama uchawi wote huo kutoka upande wa mwanamke asiye na cheo.

Kuna jambo jingine aliloliwahi mapema kuliko wengi. Ged ni wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, Vetch ni mweusi, na watu wengi wa visiwani ni wa rangi za namna hiyo. Weupe wenye nywele za njano ni wale wavamizi wa mwanzo wa kitabu. Mwaka 1968, katika riwaya ya fantasia ya vijana, alifanya hivyo kwa makusudi na aliwahi kueleza sababu zake. Halikutangazwa kitabuni kwa tarumbeta. Unalikuta katikati ya sentensi, kama jambo la kawaida. Televisheni ya Marekani ilipotengeneza tamthilia mwaka 2004 na kumpa mwigizaji mweupe nafasi ya Ged, Le Guin aliandika hadharani kupinga. Nilimwonyesha binti sentensi hiyo ya rangi ya Ged kwa kidole, naye akaisoma tena bila kuambiwa.

Sasa ameanza cha pili, The Tombs of Atuan, cha mwaka 1971, ambacho shujaa wake ni msichana aliyenyang'anywa jina lake na kufanywa kuhani wa makaburi. Ged hatokei hadi hadithi imekwenda mbali. Nilidhani tungesoma kwa zamu tena, lakini amekichukua akaenda nacho, na jana amenitumia ujumbe kwamba Tenar, msichana huyo, ameona mwanga chini ya ardhi mahali ambapo mwanga umekatazwa, na nisimwambie ni wa nani.